Haki ya Kuingia: Kuisoma Upya Hukumu ya Lawrence dhidi ya Texas

Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Lawrence dhidi ya Texas, iliyotolewa tarehe 26 Juni 2003, haianzi na watu. Inaanza na uhuru. Jaji Anthony Kennedy, aliyeiandika kwa niaba ya majaji watano, anaufanya uhuru kuwa mtendaji wa sentensi ya kwanza: uhuru ndio unaomlinda mtu serikali isimwingilie nyumbani mwake bila sababu. Mara anaongeza kwamba, kwa desturi ya nchi yake, serikali haikai ndani ya nyumba za watu. Kisha anatoka nje ya nyumba na kusema kwamba uhuru una upande wa mahali na upande unaovuka mahali. Aya ni fupi na mwendo wake ni wa juu. Wakati huo majimbo 13 yalikuwa bado yana sheria za jinai dhidi ya kile zilichokiita ulawiti, na manne kati yake, Texas ikiwemo, yaliwalenga wapenzi wa jinsia moja peke yao. Hukumu inayoanza na aya hiyo ilizifuta zote.

Inafuata sentensi inayotaja swali la kesi, ndipo tunaposimuliwa kilichotokea, na hapo mtindo unabadilika. Polisi wa Kaunti ya Harris, jijini Houston, walitumwa kwenye makazi ya mtu kwa sababu ya taarifa ya vurugu za silaha. Waliingia katika nyumba alimoishi John Geddes Lawrence. Haki yao ya kuingia, anasema Kennedy, haielekei kuwa ilipingwa. Wakamwona Lawrence na mwanamume mwingine, Tyron Garner, wakifanya tendo la ngono. Wawili hao walikamatwa, wakawekwa mahabusu usiku kucha, wakashtakiwa na kutiwa hatiani mbele ya hakimu. Nimefupisha kidogo tu. Maelezo yenyewe hayaendi mbali zaidi ya hapo.

Msomaji wa hadithi angeuliza maswali mara moja. Walitumwa na nani? Taarifa ilitoka wapi? Walikamatwa vipi, wakiwa wamevaa nini, kwa maneno gani? Kauli ya kutendwa imetanda kila mahali. Katika aya nzima polisi wanatenda mambo mawili tu: wanaingia na wanaona. Mengine yote yanawapata washtakiwa kama mvua, bila mkono wa mtu. Katikati kabisa imewekwa ile sentensi kuhusu haki ya kuingia, ambayo haisemi kwamba polisi walikuwa na haki hiyo. Inasema tu kwamba hakuna aliyeonekana kuibishia. Lakini anayesoma kwa haraka husikia kwamba walikuwa nayo, na anaendelea na safari.

Mimi nataka tusimame hapo hapo. Hukumu hii inapendwa, na inastahili kupendwa: iliondoa alama ya uhalifu kwenye maisha ya mamilioni ya watu. Hata hivyo umbo lake lina siri moja. Linazungumza juu ya mlango kwa ufasaha mkubwa, kisha linampitisha askari mlangoni ndani ya sentensi moja isiyo na msemaji.

Tazama yaliyoachwa nje. Usiku wa tarehe 17 Septemba 1998 mtu mmoja wa karibu na Garner alipiga simu akisema kuna mwanamume mweusi mwenye bunduki aliyechachamaa ndani ya nyumba. Hapakuwa na bunduki, na mpigaji huyo baadaye alipatikana na kosa la kutoa taarifa ya uongo. Garner alikuwa mweusi. Lawrence alikuwa mweupe. Hati ya kiapo iliyoandikwa na askari usiku ule ina sentensi chache tu, nazo zinakwenda moja kwa moja kutoka kwa mwanamume mweusi mwenye silaha hadi kwenye ngono iliyoitwa potovu. Katika hukumu ya Kennedy rangi imefutika. Imebaki “vurugu za silaha”, maneno yasiyo na sura ya mtu. Hata waliokuja wamebadilishwa: hukumu inawaita idara ya polisi ya kaunti, ilhali walikuwa maafisa wa sherifu. Ni kosa dogo la kiofisi, lakini linaonyesha jicho la mwandishi lilikuwa wapi na halikuwa wapi.

Dale Carpenter, profesa wa sheria, alichapisha mwaka 2012 kitabu kiitwacho Flagrant Conduct kuhusu usiku huo. Alifuatilia maafisa wanne walioingia. Wawili walidai kuona tendo, na maelezo yao hayakukubaliana juu ya tendo lenyewe, wengine hawakuliona. Carpenter ana mashaka kama lilikuwepo tendo lolote. Sasa rudi kwenye kile kitenzi cha pili cha polisi: waliona. Hukumu inakiandika bila shaka yoyote, kama vile kuona kwa askari ni sehemu ya mandhari, sawa na ukuta au ngazi.

Kwa haki ya Kennedy, kuna sababu. Mawakili wa washtakiwa, wa shirika la Lambda Legal, hawakutaka kubishana juu ya ukweli wa tukio. Wangebishana wakashinda, sheria ingebaki, na watu wawili tu ndio wangeenda nyumbani. Kwa hiyo Lawrence na Garner hawakupinga mashtaka, wakatozwa faini ya dola 200 kila mmoja pamoja na gharama za mahakama, na kesi ikapanda ngazi ikiwa imebeba swali moja tu: je, sheria yenyewe ni halali? Mahakama ya rufaa haiamui lisilobishaniwa. Hilo nalikubali. Lakini kutolitamka jambo ni tofauti na kulitamka kwa sauti ya kulifunga. Kennedy angeweza kunyamaza kuhusu haki ya kuingia. Aliandika sentensi, na kurasa chache mbele akaiandika tena.

Mara ya pili anasimulia kesi ya Bowers dhidi ya Hardwick ya mwaka 1986, ile iliyozikubali sheria za namna hii na ambayo sasa alikuwa anaitengua. Anasema askari, ambaye haki yake ya kuingia haielekei kuwa ilikuwa na ubishi, alimwona Hardwick chumbani kwake akiwa na mwanamume mwingine. Ni yale yale maneno, safari hii yakiwa yamebanwa katikati ya sentensi mahali ambapo jicho huteleza. Mimi naona hapa ndipo hukumu inapojifunua zaidi, kwa sababu historia ya kuingia kwenye chumba cha Hardwick inajulikana vizuri.

Michael Hardwick alifanya kazi katika baa ya mashoga huko Atlanta. Kiangazi cha mwaka 1982 askari alimwona nje ya baa akiwa na bia, akamwandikia hati ya kosa la kunywa hadharani. Tarehe kwenye hati zilichanganywa, Hardwick hakufika mahakamani, hati ya kumkamata ikatolewa. Akaenda akalipa faini, dola 50, jambo likaisha. Isipokuwa hati ya kukamata haikuisha mkononi mwa askari. Tarehe 3 Agosti alifika nayo nyumbani kwa Hardwick, mgeni aliyekuwa amelala pale akamfungulia, naye akatembea hadi kwenye mlango wa chumba cha kulala.

Kosa la bia barabarani likawa ufunguo wa chumba cha kulala. Katika hukumu ya mwaka 1986 Jaji Byron White hakulitaja hata kwa neno moja. Anasema tu kwamba mwezi Agosti mwaka 1982 Hardwick alishtakiwa, kisha anauliza kama Katiba inawapa mashoga haki ya msingi ya kufanya tendo lile. Kennedy alimsoma White kwa ukali uliostahili: alisema swali lililoulizwa namna hiyo linawadhalilisha waliolileta, sawa na kusema kwamba ndoa ni haki ya kujamiiana tu. Hayo ni maneno ya mhakiki hodari wa fani. Ameona jinsi umbo la swali lilivyokwisha kuamua jibu. Ndiyo maana inauma kuona kwamba jicho hilo hilo halikuligusa umbo la simulizi, la White wala la kwake mwenyewe. Yote mawili yanaanza baada ya askari kuwa tayari ndani.

Kuna jambo jingine katika aya ya tukio ambalo wasomaji wengi hulipita: wawili hawa walilala mahabusu kwa kosa ambalo adhabu yake ilikuwa faini tu. Kennedy analitaja. Anakiri kwamba katika ngazi za makosa ya Texas hili ni la chini kabisa, la daraja C, kisha anasema kwamba hata hivyo ni jinai, na jinai inagusa heshima ya mtu. Anaendelea kueleza kwamba mtu aliyetiwa hatiani chini ya sheria hiyo angelazimika kujiandikisha kama mkosaji wa ngono katika angalau majimbo manne. Lakini haulizi swali lililo karibu zaidi: kosa la faini lilimpelekaje mtu mahabusu?

Jibu lilikuwa limekwisha kutolewa miaka miwili nyuma, na Kennedy alikuwa ametia sahihi. Kesi ya Atwater dhidi ya Mji wa Lago Vista iliamuliwa Aprili 2001, majaji watano kwa wanne. Ilitoka Texas pia. Mwaka 1997 mama mmoja alikuwa anaendesha gari na wanawe wawili wadogo bila mikanda. Adhabu yake haikuzidi dola 50. Askari alimfunga pingu, akampeleka kituoni, akavuliwa viatu, vito na miwani, akapigwa picha, akafungiwa peke yake kwa muda wa kama saa moja, halafu akapelekwa kwa hakimu na kuachiwa kwa dhamana ya dola 310. Jaji David Souter aliandika kwamba Katiba haikuvunjwa. Askari mwenye sababu za kutosha kuamini kwamba mtu ametenda kosa mbele yake, hata liwe dogo namna gani, anaweza kumkamata.

Hukumu ya Souter inafaa kusomwa kama maandishi, kwa kuwa ina aya moja ya ajabu. Ndani yake Souter anampa mama huyo kila kitu. Anasema alikuwa mkazi anayejulikana, hakuwa na pa kujificha wala sababu ya kukimbia. Anasema aliyotendewa yalikuwa udhalilishaji usio na faida, kutoka kwa askari ambaye, tukimwonea huruma sana, alikosa busara. Anasema madai yake yanazidi uzito wa chochote ambacho mji ungeweza kudai. Halafu inakuja “lakini”, na yote aliyopewa yanachukuliwa. Sheria haiwezi, anasema, kumtaka askari apime kila tukio kwa undani wake. Inahitaji mstari ulio wazi. Sijasoma aya nyingi zinazoonyesha kwa uwazi kiasi hicho kwamba mwandishi ameuona utu wa mtu, ameutaja kwa jina, na akaamua kwamba hautahesabika.

Kabla ya kufika hapo Souter anatupitisha katika historia ndefu ya Uingereza, ikiwemo Sheria ya Winchester ya mwaka 1285, iliyowaagiza walinzi wa usiku kumkamata mgeni yeyote apitaye na kumshikilia hadi asubuhi. Anaorodhesha wacheza kamari, walevi, watukanaji, wavunja Sabato. Orodha hiyo ameiweka kama ushahidi wa ukale: mambo haya yamekuwepo siku zote. Mimi naisoma kama orodha ya watu. Ni wale ambao kila zama huwaona kuwa si wa mahali hapa, wanaotembea saa zisizofaa, wanaoburudika kwa namna isiyofaa. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 wapenzi wa jinsia moja wa Marekani walikamatwa kwa makosa ya aina hiyo hiyo: uzururaji, fujo hadharani, tabia chafu. Sheria kubwa yenye adhabu ya miaka mingi ilitumika mara chache. Iliyotumika kila wiki ni sheria ndogo.

Karibu na mwisho Souter anatoa hoja ya kimya. Anasema nchi haionekani kukabiliwa na janga la watu kukamatwa bila sababu kwa makosa madogo; kama janga lingekuwepo, tungeona mifano mingi zaidi mahakamani. Hapa ndipo kesi ya mama na mikanda inapokutana na kesi ya wanaume wawili wa Houston, na ndipo faragha inapoingia. Mtu aliyekamatwa kwenye baa ya mashoga mwaka 1955 au 1965 hakwenda mahakamani kudai kwamba alionewa. Magazeti yalichapisha majina ya waliokamatwa. Mwajiri alisoma, mwenye nyumba alisoma, mama mzazi alisoma. Alilipa faini haraka, akaomba jambo lifukiwe. Kukamatwa kwenyewe ndiyo ilikuwa adhabu, na adhabu hiyo ilihakikisha kwamba hakuna kesi itakayobaki kwenye kumbukumbu. Souter anachukua ukimya huo na kuuita afya. Jaji Sandra Day O'Connor, katika hukumu yake pinzani, aliona hatari hii kwa upande mwingine: kosa dogo la barabarani linaweza kuwa kisingizio cha kumsumbua mtu, na uwezo usio na mpaka wa kumkamata unakifanya kisingizio hicho kiwe kizito zaidi.

Turudi kwa Kennedy mwaka 2003. Karibu na mwisho wa hukumu yake kuna mfululizo wa makanusho. Kesi hii haihusu watoto. Haihusu watu wanaolazimishwa. Haihusu tabia ya hadharani wala ukahaba. Haihusu kama serikali inapaswa kuutambua rasmi uhusiano wowote. Mfululizo huo una kazi ya kutuliza hofu, na katika mwaka ule kazi hiyo ilihitajika. Lakini kila “haihusu” ni uzio, na uzio kuhusu mambo ya hadharani unapita katikati ya maisha ya watu. Uhuru ulioanza kwa kuvuka mahali unarudishwa nyumbani na kufungiwa chumbani. Barabara, bustani na baa zinabaki mikononi mwa Atwater.

Yaliyofuata yanaonyesha uzio huo ulivyofanya kazi. Usiku wa tarehe 28 Juni 2009, miaka 40 kamili baada ya msako wa polisi kwenye baa ya Stonewall huko New York, polisi wa Fort Worth, Texas, pamoja na maafisa wa tume ya vileo ya jimbo waliivamia baa ya mashoga iliyokuwa imefunguliwa siku chache tu. Walikamata watu kwa ulevi hadharani, kosa la daraja C, lile lile daraja la faini ambalo Lawrence na Garner waliangukia. Mteja mmoja aliumizwa vibaya kichwani. Hakuna aliyetaja sheria ya ulawiti, haikuhitajika. Huko Baton Rouge, Louisiana, ofisi ya sherifu iliendelea hadi mwaka 2013 kuwakamata wanaume, kama 12 kwa miaka michache, kwa kutumia sheria ambayo hukumu ya Lawrence ilikuwa imeiua. Mwendesha mashtaka alikataa kuzifungua kesi hizo. Waliokamatwa walikuwa wamekwisha kukamatwa.

Hukumu ya mwisho ya Kennedy ninayotaka kuiweka kando ya ile ya kwanza ni ya Aprili 2012, katika kesi ya Florence. Mwanamume mmoja huko New Jersey alikamatwa kwa hati iliyohusu faini aliyokuwa amekwisha kuilipa. Hati ilisahauliwa ndani ya kompyuta. Alikaa mahabusu siku kadhaa na kuvuliwa nguo akaguliwe mwili katika magereza mawili. Kwa kura tano dhidi ya nne Mahakama ilisema wakuu wa magereza wanaweza kumkagua hivyo kila anayeingizwa pamoja na mahabusu wengine, hata kama kosa lake ni dogo. Aliyeandika ni Kennedy. Mtendaji wa sentensi yake ya kwanza safari hii ni maafisa wa magereza: wao ndio wenye maslahi halali, na wajibu, wa kuhakikisha usalama kutokana na kile ambacho wageni wao wanaweza kuficha mwilini. Mkono ni ule ule, mwaka 2003 na mwaka 2012. Mtu aliyelindwa na uhuru amekuwa mwili unaoweza kubeba kitu. Anayefikiri kwamba hukumu moja ni ya faragha na nyingine ni ya magereza hajaona kwamba mtu mmoja anaweza kuzipitia zote mbili kwa usiku mmoja: anatoka kwenye nyumba iliyolindwa, anashikwa barabarani kwa jambo la faini, anavuliwa nguo.

Swali la mwili ulio chini ya ulinzi limeulizwa nje ya Marekani pia, na pwani ya Kenya imetoa maandishi ya namna nyingine. Februari 2015 wanaume wawili walikamatwa Ukunda, Kaunti ya Kwale, chini ya sheria ya makosa yanayoitwa kinyume cha maumbile, ambayo adhabu yake inafika miaka 14. Kwa amri ya mahakama walipelekwa hospitali Mombasa, wakapimwa sehemu ya haja kubwa na kupimwa virusi vya Ukimwi. Mahakama Kuu ilikataa malalamiko yao mwaka 2016. Mahakama ya Rufaa iliyaamua upya tarehe 22 Machi 2018, na kinachovutia ni mahali hukumu yake inapoweka uzito. Uzito uko baada ya kukamatwa: kituoni, kwenye fomu, kwenye kitanda cha daktari. Ubishi mkubwa ulikuwa kama mtu aliye chini ya ulinzi anaweza kusemwa kuwa amekubali kuguswa mwili wake. Majaji watatu walisema haki zao zilivunjwa.

Waliokata rufaa wanajulikana kwa herufi tu, COI na GMN. Garner alikufa mwaka 2006 na Lawrence mwaka 2011, na jina la Lawrence limekuwa jina la uhuru wenyewe katika vitabu vya sheria. Jina la Garner halimo katika jina ambalo kesi inajulikana nalo. Mahakama ya Kenya ilichagua kuwapa walalamikaji kitu ambacho Houston haikuwapa, pazia. Sheria iliyowakamatisha haikuguswa. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi, katika kesi nyingine inayotajwa kwa herufi, ya EG na wenzake, ilikataa kuifuta, baada ya kuzipima pia hukumu za nchi za nje. Askari wa Ukunda bado anaweza kukamata. Mbele ya daktari, sahihi ya ridhaa ya aliyekamatwa haitoshi tena.